Mkutano wa Utafiti wa Afya Ufanyike Wapi?

Msafiri atokaye Morogoro mjini kwa njia ya Iringa, akifika Sangasanga hukata kushoto, hupita upande wa Mzumbe, na kabla gari halijaanza kupanda kwenda Mgeta hufika Mlali. Hapo milima ya Uluguru imesimama karibu sana. Wakazi wake hulima mahindi na mboga, na kama wakulima wengine wa Morogoro wanamjua vema panya shamba, yule afukuaye mbegu usiku wa siku ile ile ilipopandwa.

Watafiti nao wanamjua. Kwa miaka mingi panya huyu amechunguzwa na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, kilichoanzishwa mwaka 1984, wakishirikiana na wenzao wa Ulaya. Jike lake huzaa mara nyingi watoto kumi au zaidi kwa mara moja, na mvua za vuli zikiwahi na kunyesha kwa wingi, idadi yao huweza kufumuka katika msimu ufuatao. Mwaka 2009 ilitangazwa kwamba ndani ya panya hao wa Morogoro kimeonekana kirusi, kikapewa jina la mji wenyewe. Kirusi hicho kina undugu na kile kiletacho homa ya Lassa huko Afrika Magharibi, lakini hakijulikani kumwugusha binadamu.

Tufikiri sasa kwamba habari hii yapasa kuelezwa Mlali. Ikielezwa vibaya, watu watashika nusu ya kwanza tu, yaani undugu na Lassa, na hofu itaingia nyumbani kabla ya mtaalamu hajapanda gari lake. Ikielezwa vema, watauliza maswali ambayo mtaalamu hakuyawaza. Je, mahali pa mkutano pana sehemu gani katika jambo hili? Wengi hudhani ni jambo la viti na maji ya kunywa. Sivyo.

Mikutano mikubwa ya utafiti wa tiba nchini mwetu imezoea majengo makubwa. Kituo cha Mikutano cha Kimataifa cha Arusha kilifunguliwa mwaka 1978, katika majengo yaliyokuwa makao ya Jumuiya ya Afrika Mashariki iliyovunjika mwaka uliotangulia. Humo, mwezi wa Novemba 2002, ulifanyika mkutano wa tatu wa Afrika nzima juu ya malaria, na mamia ya watafiti wakasomeana kazi zao. Mkutano wa namna hiyo una faida kubwa, kwa maana mtafiti husahihishwa na mtafiti mwenzake. Lakini lugha yake si ya mkulima, na nauli ya kuufikia si ya mkulima.

Tunao mfano wa namna nyingine. Mwaka 1973, kwa muda wa wiki 12, ilifanyika kampeni ya Mtu ni Afya. Watu wapatao milioni mbili walikaa katika vikundi 75,000 hivi, wakisikiliza redio, wakisoma vijitabu na kujadiliana. Kisha wakaenda kuchimba vyoo na kufukia madimbwi. Ukumbi wa mkutano ule ulikuwa nchi nzima: darasa hapa, kivuli cha mti pale. Kilichofanya kazi hakikuwa redio peke yake, bali yale mazungumzo yaliyofuata redio ilipozimwa.

Milima ya Uluguru ina kumbukumbu ya kinyume chake. Baada ya mwaka 1950 serikali ya kikoloni iliwalazimisha wakulima kuchimba matuta ya ngazi ili kuzuia mmomonyoko wa udongo. Nia yenyewe yaweza kutetewa, lakini mahali pengi udongo wenye rutuba ulifukiwa chini na ule usiofaa ukaja juu. Wakulima waliliona hilo mashambani mwao, wala hapakuwa na baraza lililowasikiliza. Mwezi wa Julai 1955 ghasia zilizuka Matombo, mtu akapoteza maisha, na mpango ukaachwa. Yeyote aitishaye mkutano wa kitaalamu chini ya milima hii yafaa akumbuke kwamba wazee wanaweza kuwa na habari hiyo kuliko yeye.

Turudi kwenye ukumbi wenyewe, maana hapa sayansi inahusika moja kwa moja.

Kwanza, sauti. Sauti husafiri kama mita 340 kwa sekunde, na sikio huhitaji kama sehemu ya kumi ya sekunde ili kutenganisha sauti mbili. Basi ukuta ulio umbali wa mita 17 au zaidi mbele ya msemaji huweza kumrudishia mwangwi dhahiri. Katika chumba kidogo zaidi mwangwi hausikiki peke yake, bali sauti zilizorudi huchanganyika na zile mpya, maneno yakapoteza kingo zake. Saruji na mabati huirudisha sauti. Miili ya watu na nguo zao huimeza. Ndiyo sababu chumba kilichojaribiwa kitupu asubuhi husikika tofauti kikijaa mchana. Nje, chini ya mwembe, hakuna ukuta wa kurudisha chochote, lakini kila umbali ukiongezeka mara mbili nguvu ya sauti hushuka hadi robo. Aliye mita nane hupata robo ya nguvu impatayo aliye mita nne. Aliye mita 16 hupata sehemu moja ya 16. Na wakati wa masika, chini ya bati lisilo na dari, hakuna mtaalamu awezaye kushindana na mvua.

Pili, hewa. Hewa ya nje ina kaboni dayoksaidi kiasi cha asilimia 0.04, na pumzi itokayo mapafuni ina asilimia 4 hivi. Tukipima ndani ya chumba kilichofungwa tukakuta asilimia 0.2, hesabu yatuambia kwamba kila sehemu 100 za hewa tuivutayo, nne zimekwisha kupita katika mapafu ya mtu mwingine. Watu husinzia, na msemaji hudhani hotuba yake ndiyo mbaya (huenda ni kweli pia). Jambo zito zaidi ni kwamba kifua kikuu huenea kwa njia hiyo hiyo ya hewa. Itakuwa aibu kuitisha watu kuzungumzia kifua kikuu katika chumba chenye madirisha upande mmoja tu. Madirisha ya pande mbili zinazoelekeana, yakiachwa wazi, huipitisha hewa bila mashine yoyote.

Tatu ni mpangilio wa watu, na hapa kipimo cha fizikia hakitusaidii. Meza kuu iliyoinuliwa, yenye kitambaa na maua, humfundisha mwananchi kwamba amekuja kusikiliza. Viti vikipangwa duara, swali la kwanza huja upesi zaidi. Tena Waluguru hufuata ukoo wa mama, na kwa desturi ardhi hurithiwa kwa njia hiyo. Mwanamke aliyeketi nyuma karibu na mlango huenda ndiye mwenye shamba linalozungumzwa. Kama mkutano unaanza saa ambayo yeye yuko bondeni akichota maji, basi ukumbi umefungwa kwake hata kama mlango uko wazi.

Kwa Mlali, darasa la shule lenye madirisha pande zote mbili latosha kwa watu hamsini. Mtafiti aseme dakika kumi, kwa Kiswahili, akiwa na mchoro mmoja wa panya na mmoja wa mvua za vuli. Kisha aulize ni mwaka gani panya walizidi. Wakulima wataitaja miaka yao, wakiikumbuka kwa njaa na kwa mavuno, naye aiandike ubaoni kando ya vipimo vyake vya mvua, watu wakitazama mahali safu hizo mbili zinapolingana na mahali zinapoachana.