Mdomo Ukikauka, Tuulize Sababu

Katika kikundi chetu kulikuwa na mama mmoja ambaye kila mkutano alikuja na chupa ya soda. Alisema mdomo unamkauka mpaka ulimi unashikana na meno. Sisi tulimtania kwamba ana pesa za kuchezea. Kumbe alikuwa na ugonjwa wa kisukari, na ile soda ilizidi kumwumiza. Tuliona aibu. Ndiyo maana tumechagua somo hili.

Kazi ya mate

Mtu mzima hutoa mate kama nusu lita hadi lita moja na nusu kwa siku. Mate hulainisha chakula na kuosha meno. Yakipungua, ugali unakwama kooni, kinywa kinanuka, midomo inapasuka na meno yanaoza upesi.

Sababu zake

1. Kupungukiwa na maji mwilini. Huletwa na kazi ya juani, homa, kutapika au kuhara. Mtoto anayehara, mdomo ukiwa mkavu, macho yameingia ndani na analia bila machozi, yuko hatarini. Mpelekeni zahanati mara moja. Njiani aendelee kunyonya, na apewe ORS iliyochanganywa kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti.

2. Dawa. Baadhi ya dawa za presha, za mafua na za ugonjwa wa akili hukausha kinywa. Wazee wetu wengi hupata shida hii kwa sababu ya dawa, si uzee peke yake. Lakini usiache dawa! Mwambie daktari, huenda akaibadilisha.

3. Kisukari. Sukari ikizidi kwenye damu, figo huitoa kwa mkojo, nayo huvuta maji mengi. Basi mtu anakojoa kila mara, hata usiku, na kiu haimwishi. Wengine hukonda bila sababu. Kipimo ni tone la damu kidoleni tu.

4. Mazoea. Miraa, sigara na pombe hukausha kinywa. Hata kulala mdomo wazi kwa sababu pua imeziba.

Tufanye nini?

Tunywe maji safi kidogo kidogo kutwa nzima. Tusitulize ukavu kwa soda, peremende au chai yenye sukari nyingi, maana meno yasiyo na mate ya kutosha huharibika haraka. Tupige mswaki asubuhi na kabla ya kulala. Na hali ikiendelea kwa wiki kadhaa, twende tukapimwe. Tusingoje.

Yule mama sasa anakunywa dawa yake na kuja mkutanoni na chupa ya maji. Hakuna anayemcheka.

Maswali ya kujadiliana

1. Ni nani kati yetu hulalamika kiu kila siku? Tumemsaidiaje?
2. Zahanati iliyo karibu nasi hupima sukari? Siku gani, na kwa pesa ngapi?
3. Kikundi kinaweza kumchangia nauli asiyeweza kufika?