Panya wa Maabara na Ugonjwa wa Malale

Miombo ya Kasulu na Kibondo, ambako Makere ipo, ni makao ya mbung'o. Mdudu huyu hueneza vimelea vya malale, viitwavyo Trypanosoma brucei rhodesiense. Mgonjwa asipotibiwa, vimelea huingia ubongoni, na mwisho wake ni kifo.

Kuvitambua mapema ni kumwokoa mtu. Lakini pengine huwa vichache mno hata visionekane kwa hadubini. Kwa miaka mingi wataalamu walimtegemea panya. Walimchoma sindano ya damu ya mgonjwa, kisha wakaipima damu ya panya huyo siku baada ya siku, kwani humo vimelea huzaana upesi. Panya aliugua, mgonjwa akajulikana na kutibiwa.

Je, tendo hilo lilikuwa la haki? Wako wasemao kwamba uhai wa mtu ni bora kuliko wa panya, basi shauri limekwisha. Jibu hilo halitoshi. Panya naye huhisi maumivu, na maumivu hayawi madogo kwa sababu anayeumia ni mdogo. Kinachoweza kulihalalisha tendo hilo ni haja ya kweli. Nayo haja hubadilika.

Mwaka 1959 wanasayansi wawili wa Uingereza, William Russell na Rex Burch, walitoa kanuni tatu:

(a) kutumia njia nyingine badala ya mnyama, kila inapowezekana;
(b) kupunguza idadi ya wanyama watumikao;
(c) kupunguza mateso yao.

Tuzipime kanuni hizi kwa malale. Leo damu huweza kuzungushwa kwa kasi katika mrija mwembamba wa kioo, vimelea vikakusanyika mahali pamoja na kuonekana. Vipo pia vipimo vinavyotambua chembe za urithi za kimelea. Panapo vipimo hivyo, kumchoma panya ili kumpima mgonjwa ni ukatili usio na sababu. Katika kujaribu dawa mpya, hata hivyo, panya bado hutumika, maana dawa isiyojulikana yaweza kumdhuru mgonjwa. Hapo ndipo kanuni ya pili na ya tatu hutudai zaidi.

Kwa hiyo, ruhusa ya jana si ruhusa ya leo. Mtafiti sharti aulize upya kila mara.

Maswali
1. Eleza kwa nini panya alihitajiwa zamani katika kupima malale.
2. Je, yafaa kumpasua chura darasani iwapo mchoro waweza kufundisha jambo lile lile? Toa sababu.