Baada ya Talaka: Nani Anadai Nini, na Sisi Watoto Tusimame Wapi?



Sifa zote njema ni za Allah (s.w.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na maswahaba zake.

Ndugu zangu katika imani, mada hii sikuichagua kwa ajili ya mtihani. Wazazi wangu waliachana nikiwa mwaka wa 2 hapa Mbale. Mama aliondoka nyumbani Tororo akarudi kwa kaka yake Busia, pamoja na wadogo zangu wawili. Muhula ulipofunguliwa nilimpigia baba kuhusu ada. Akanijibu, "Muulize mama yako, si ndiye uliyemsindikiza?" Nikafungua vitabu vya fiqhi kutafuta hoja za kumshinda baba yangu. Nilichokikuta kilianza kunihukumu mimi mwenyewe.

Nyumba ni ya nani wakati wa eda?

Baba alitoa talaka moja, yaani talaka rejea. Suratut-Talaq (65:1) inamkataza mume kumtoa mke nyumbani, na inamkataza mke naye kutoka, mpaka eda iishe, isipokuwa pakitokea uchafu ulio wazi. Eda ya mwenye kupata hedhi ni quruu 3 (2:228): kwa Mashafii ni twahara 3, kwa Mahanafi ni hedhi 3. Asiyepata hedhi hukaa miezi 3, na mjamzito mpaka ajifungue (65:4). Muda wote huo mume wa talaka rejea anawajibika kwa makazi, chakula na mavazi.

Hekima yake aya yenyewe imeigusia: huenda Allah akaleta jambo jingine baada ya hapo. Watu walio chini ya paa moja hasira zao hupoa, na kurejeana hakuhitaji ndoa mpya. Lakini kwetu neno la talaka likishatoka, mizigo hufungwa usiku uleule. Mama hakufukuzwa. Aliondoka kwa aibu, na hapakuwa na mtu wa kumwambia kuwa ana haki ya kubaki. Mimi, msomi wa masomo ya Kiislamu, ndiye niliyembebea begi mpaka stendi ya teksi.

Madai ya fedha

Tuyapange, kwa sababu watu huyachanganya:

1. Mahari iliyobaki. Hili ni deni kama madeni mengine, halifutiki kwa talaka. Na kilichokwisha kutolewa mume hana ruhusa ya kukinyang'anya (4:20). Mama alikuwa anadai sehemu ya mahari yake kwa miaka 24.

2. Matumizi ya eda, kama tulivyoeleza.

3. Kiliwazo (mut'a). Wanawake walioachwa wapewe kitu cha kuwaliwaza kwa wema (2:241), tajiri kwa kadiri yake na maskini kwa kadiri yake (2:236). Kwa Mashafii mke aliyeachwa baada ya kuingiliwa, bila ya kosa lake, ni wajibu apewe. Kwa Mahanafi ni jambo la kupendekezwa.

4. Matumizi ya watoto. Haya ni juu ya baba hata kama watoto wanalala kwa mama. Hata mama akimnyonyesha mtoto baada ya kuachwa kabisa, ana haki ya kulipwa ujira (65:6). Kiwango ni uwezo wa baba, si hasira zake wala tamaa za upande wa pili (65:7).

Swali la mwalimu

Nilimpelekea mwalimu wetu wa fiqhi orodha hii huku nikiwa nimepigia mstari namba 4. Akaniuliza, "Una umri gani?" Nikasema 23. "Una maradhi yanayokuzuia kufanya kazi?" Nikasema hapana. Akanikumbusha somo nililokwisha kulifanyia mtihani: kwa Mashafii, mtoto wa kiume aliyebaleghe na mwenye uwezo wa kuchuma, kwa asili matumizi yake si wajibu juu ya baba. Wapo wanazuoni waliomtazama mwanafunzi kwa jicho jingine. "Lakini hata kwa hao," akasema, "kwenye foleni hii wewe ni wa mwisho. Wadogo zako wanasoma?"

Sikujua. Nilipopiga simu Busia niliambiwa yule wa darasa la 6 ana wiki 3 yuko nyumbani kwa kukosa ada.

Kikao

Aya ya wasuluhishi wawili (4:35) inahusu ugomvi kabla ya talaka, ila mfano wake unafaa hata baada yake. Tulimwomba ami kwa upande wa baba, mjomba kwa upande wa mama, na imamu wa msikiti wetu. Safari hii sikubeba aya za kumrushia mzee. Nilibeba karatasi ya hesabu: ada ya wadogo wawili shilingi 430,000 kwa muhula, chakula shilingi 200,000 kwa mwezi.

Baba aliisoma mara mbili. Akasema, "Watoto siwakatai. Nilidhani nikipeleka pesa kule nitakuwa nimekubali kwamba kosa ni langu." Duka lake la vipuri vya pikipiki halikuwa na hali nzuri, kwa hiyo walikubaliana alipe ada moja kwa moja shuleni, atume 150,000 za chakula kila tarehe 5, na mahari ailipe kidogo kidogo. Yakaandikwa na mashahidi wakatia saini, kama Qur'ani ilivyotufundisha kuhusu madeni (2:282). Mwezi wa 2 alichelewa. Ami alimpigia simu akamsomea karatasi, pesa zikaja.

Mimi niliahirisha muhula mmoja nikafanya kazi kwenye duka la fotokopi.

Kwa mwenzangu aliye katika hali hii

Usiwe tarishi wa maneno makali. Mama asidhuriwe kwa sababu ya mtoto wake, wala baba (2:233). Na mtoto mkubwa anaweza kuwa ndiye chombo cha madhara hayo. Wema kwa wazazi wote wawili haukuvunjika pamoja na ndoa.

Baba akikataa kabisa, usione haya kwenda kwa kadhi wa wilaya. Sheria ya Watoto ya Uganda nayo inamlazimisha mzazi kumtunza mtoto aliye chini ya miaka 18, na ofisi ya ustawi wa jamii ya wilaya hupokea mashauri hayo.

Na ukiona ada imekwama, waambie mapema ofisi ya wanafunzi na viongozi wa jumuiya yetu. Mimi nilinyamaza mpaka mlango wa mitihani ukafungwa.

Mahari inaendelea kulipwa, na wadogo zangu wako darasani. Lakini zile siku za eda zilikwisha kabla hatujakaa kikao, na hazilipiki. Kwa hiyo ukisikia leo kwamba nyumba fulani kumetoka talaka, usianze kwa kuuliza nani mkosa. Uliza kama mama yuko nyumbani kwake.

Allah atuhifadhie familia zetu, na asitusahaulishe fadhila baina yetu. Amin.

Wabillahi tawfiq.