Mtandao wa dukani unaokatika na kurudi: hitilafu itafutwe wapi

KATIKA maduka mengi ya jumla ya Kariakoo kaunta iko chini, tuseme mtaa wa Kongo au Narung'ombe, na stoo iko ghorofa ya tatu au ya nne ya jengo hilo hilo. Kinachoziunganisha ni waya wa mtandao na kompyuta moja yenye orodha ya mali iliyopo. Waya huo ukinyamaza kwa dakika 20, muuzaji wa chini huuza katoni ambazo wa juu amekwisha kumtolea mteja mwingine. Mnunuzi aliyetoka Lubumbashi au Lusaka, ambaye mzigo wake unapakiwa jioni, hangoji maelezo. Huvuka barabara akanunua kwa jirani.

Mtandao uliokufa kabisa si tatizo kubwa, kwani fundi huona mara moja kilichoharibika. Unaosumbua ni ule unaokatika na kurudi wenyewe kabla fundi hajafika. Fundi hukuta kila kitu kinafanya kazi, hulipwa fedha yake, na kesho hitilafu hurudi pale pale. Wapo wanaofikia kununua kompyuta mpya, kumbe ile ya zamani haikuwa na kosa.

Jambo la kwanza ni kutenganisha mtandao wa ndani na intaneti. Jumapili ya Mei 12, 2024 nyaya za chini ya bahari za EASSy na Seacom zilipokatika, intaneti ilizorota Tanzania na katika nchi kadhaa za jirani. Hata hivyo, duka ambalo orodha yake ya mali ilikuwa kwenye kompyuta ya humo humo ndani halikuwa na sababu ya kusimama. Kama lilisimama, lilikuwa na ugonjwa wake lenyewe.

Kipimo ni rahisi na hakihitaji fundi. Mtandao unapokatika, muuzaji afungue dirisha la amri kwenye kompyuta ya kaunta na kuandika ping ikifuatiwa na namba ya ruta, kisha arudie kwa namba ya kompyuta ya stoo. Ruta isipojibu, hitilafu iko kwenye waya, swichi au kompyuta yenyewe ya kaunta. Ruta ikijibu na stoo ikawa kimya, itazamwe kompyuta ya stoo na waya wake. Zote mbili zikijibu lakini programu ya mauzo ikagoma, nyaya ziachwe, kosa liko kwenye programu. (Kipimo kijaribiwe kwanza siku ambayo mtandao ni mzima, kwa sababu Windows nyingine huzuia ping na zinaweza kumdanganya mpimaji.) Aidha, Windows ya kawaida isiyo ya seva haipokei zaidi ya mashine 20 kwa wakati mmoja, hivyo duka lililokua haraka linaweza kugonga ukuta huo bila kujua.

Pamoja na kipimo, liwepo daftari: saa ya kukatika, saa ya kurudi, kompyuta ipi, na nini kingine kilikuwa kinatokea. Daftari la wiki mbili humsaidia fundi kuliko maelezo ya nusu saa.

Chukulia daftari linaonyesha kuwa asubuhi mtandao ni mzima, lakini siku ambazo umeme umekatika na kurudi, stoo hupotea. Sababu mara nyingi ni namba. Ruta hugawa namba kwa kila kifaa kinachojiunga, kwa mfano kuanzia 192.168.1.100 hadi 192.168.1.199. Fundi aliyefunga mfumo aliipa kompyuta ya stoo namba ya kudumu, 192.168.1.105, ndani ya fungu hilo hilo. Umeme unaporudi ruta huwaka kwanza, na simu za wafanyakazi na za wateja waliopewa nywila ya wifi huingia mbio kuchukua namba. Kompyuta ya stoo, ambayo huchelewa kuwaka, hukuta 105 imekwisha kuchukuliwa na simu ya mtu. Vifaa viwili vyenye namba moja hunyang'anyana mawasiliano, na simu ikiondoka dukani mambo hutengemaa. Mwenye duka huamini mtandao umejiponya.

Dawa yake ni kuipa kompyuta ya stoo namba iliyo nje ya fungu, kama 192.168.1.10, au kuitengea namba yake ndani ya ruta. Wateja wapewe wifi ya pembeni isiyogusa kompyuta za duka.

Ugonjwa unaofanana na huo huletwa na nia njema. Intaneti ikiwa nzito, mfanyakazi huleta ruta ya pili ya kampuni ya simu na kuichomeka kwenye swichi ile ile. Sasa ruta mbili zinagawa namba, kila moja kwa fungu lake. Kompyuta zilizopata 192.168.8 hufungua intaneti vizuri kabisa lakini haziioni stoo. Dalili hiyo pekee inatosha kumtafuta mgeni kwenye swichi.

Kuhusu nyaya, kipande kimoja cha waya wa kawaida kisizidi mita 100, na kisifungwe pamoja na waya wa umeme. Kichwa kilichobanwa vibaya hushika na kuachia kila meza inaposukumwa. Wakati wa kujaribu, kibadilishwe kitu kimoja tu kwa mara moja, la sivyo haitajulikana kilichoponya.

Umeme nao una hila yake. Wakati wa mgawo wa mwishoni mwa 2023 na mwanzoni mwa 2024, maduka mengi yalitegemea UPS na jenereta. UPS huwekwa chini ya kompyuta, huku swichi iliyofichwa juu ya dari, yenye vumbi na joto, ikiachwa kwenye soketi ya ukutani. Kompyuta haizimiki, mtandao unazimika.

Mwekezaji mdogo anayetaka kuingia ubia katika duka la namna hii aombe kuliona daftari hilo pamoja na hesabu za mali. Tofauti za stoo zinazoangukia siku zile zile za kukatika kwa mtandao hazifanani na tofauti za wizi, na bei ya hisa ya ubia haipaswi kuzichanganya. Kwa upande wa fundi, sehemu ya malipo yake inaweza kubaki hadi zipite wiki mbili ambazo daftari halikuandikwa kitu.