Haki ya Msafiri Anayechorwa

Amma baad. Tumeletewa suala na kijana mmoja wa Mombasa, taniboi wa malori yapakiayo Kilindini na kushusha Uganda. Asema gari lao hulala Salgaa, magharibi ya Nakuru katika njia ya Eldoret, na kwamba Mola amemjaalia kipawa cha kuchora. Usiku, akingoja dereva wake aamke, hushika daftari na kalamu ya risasi akawachora watu wa mahotelini na wasafiri walioshuka mabasini: mzee anywaye chai, mama aliyesinzia na mtoto mapajani, dereva aliyeinamia sahani yake. Watu hao hawajui kama wachorwa. Aliporudi nyumbani jamaa walilifunua daftari, na mmoja akamtambua shemeji yake ameketi meza moja na mwanamke asiye mkewe. Haikufika Magharibi ila mtaa mzima umesikia, na mke amerejea kwa wazee wake. Sasa kijana auliza: je, kuchora ni haramu?

Twasema: suala hili ni masuala mawili, naye ameuliza moja tu, lile ambalo watu wamezoea kuliuliza.

Ama kuchora kwenyewe, hadithi za Bukhari na Muslim zimewaonya wafanyao sura onyo kali, na Imam Nawawi, nguzo katika madhehebu yetu ya Shafii, amekataza sura ya kila chenye roho, iwe na kivuli au isiwe nacho. Ibn Abbas alimwelekeza mchoraji aliyemwendea kwamba, ikiwa hana budi, achore miti na visivyo na roho. Pamoja na hayo, al-Qasim bin Muhammad, mjukuu wa Sayyidna Abubakar na mmoja wa mafakihi saba wa Madina, amepokewa kuwa alilegeza katika sura isiyo na kivuli. Na Sheikh Muhammad Abduh, mufti wa Misri aliyefariki mwaka 1905, aliona kuwa kilichoogopewa ni kuabudiwa kwa masanamu, na hofu hiyo ikiondoka, mchoro ni chombo cha elimu. Waislamu wenyewe wamechora: kitabu cha Maqamat ya al-Hariri alichokinakili na kukichora al-Wasiti mwaka 1237 kiko Paris hata leo, nacho kimejaa misafara, ngamia, merikebu na watu waliotua njiani. Sisi twaiona hoja ya Abduh kuwa na nguvu kwa mchoro wa daftarini usiotundikwa wala kutukuzwa. Hatumlaumu amfuataye Nawawi. Huyo ana miti na milima ya Mau ya kumtosha.

Lakini tuseme kalamu imehalalika. Uso ule ni wa nani?

Mtume wetu (s.a.w.) aliwakataza masahaba kuketi njiani, nao walipoeleza kuwa hawana budi na mabaraza yao, aliwataka waipe njia haki yake: kuinamisha macho, kuzuia udhia, kuitikia salamu, kuamrisha mema na kukataza maovu. Tazameni kuwa jambo la kwanza ni jicho. Banda la kungojea feri Likoni, stendi ya mabasi, hoteli ya Salgaa saa sita ya usiku, zote ni njia. Na mchoraji hutazama kuliko mtu mwingine yeyote, maana hawezi kuchora ila akazie macho. Katika Suratul Hujurat Mwenyezi Mungu ametukataza dhana mbaya na kupelelezana, na katika Suratun Nur mwenye kumsingizia mwanamke mwema uzinzi atakiwa mashahidi wanne, akiwakosa apigwe mijeledi themanini.

Salgaa ina sifa yake, wala haina haja kuificha. Malori hulala hapo kwa wingi, na uzinzi wa kununuliwa uko, kama ulivyo katika vituo vingine vya njia hiyo tangu Mariakani hadi Malaba. Lakini wako pia wapikao ugali kwa jasho lao, na madereva wasiokosa Alfajiri. Karatasi haiwezi kuwatenga hawa na wale. Hata shahidi mmoja si shahidi!

Tulimwuliza kijana namna alivyouchora ukurasa ule. Akasema watu hawatulii, basi mchoraji humshika huyu kabla hajaondoka, kisha mwingine, akiwapanga palipo nafasi. Shemeji yule alimchora saa mbili. Mwanamke alimchora saa nne, meza nyingine, akamweka hapo kwa kuwa karatasi ilikuwa tupu upande ule. Kwa hivyo watu wawili ambao pengine hawakuonana wamekalishwa pamoja kwa kalamu, na nyumba imevunjika.

Jambo la aliyelala ni zito zaidi. Abu Dawud amepokea kwamba masahaba walikuwa safarini, mmoja akalala, wengine wakamwendea wakachukua kamba yake, akashtuka, Mtume (s.a.w.) akawaambia kuwa si halali kwa Muislamu kumtisha Muislamu. Kamba tu, tena kwa masihara. Na mama ambaye mtandio umemtoka kwa uchovu wa safari, naye haoni atazamwavyo?

Hata wasio wa dini yetu wameliona hili. Vita vilipokuwa vikiipiga London mwaka 1940, maelfu walilala katika stesheni za reli za chini ya ardhi, na Henry Moore, mchongaji mashuhuri wa Uingereza, akawafanyia michoro iliyompa jina kubwa. Lakini hakuchora mbele yao. Alipita kama asiyetazama, akaandika maneno mawili matatu ya kukumbuka, akaenda kuchora kwake, kwani aliona kuwachora pale pale ni kama kuchora ndani ya tumbo la jahazi la watumwa. Sisi watu wa pwani twalielewa neno hilo pasi na kufasiriwa. Serikali nayo, kwa sheria ya mwaka 2019 ya kulinda habari za watu, mwaka 2023 iliutoza ukumbi mmoja wa starehe wa Nairobi Shilingi 1,850,000 kwa kutangaza sura ya mteja bila ya idhini yake.

Basi kijana na atoe salamu kwanza, aombe ruhusa, na akikataliwa afunge daftari. Asiyeweza kuombwa, kwa kuwa amelala au yu mbali, achorwe kwa mgongo au kwa umbo lisilotambulikana, wala pasiandikwe jina wala mahali. Akubaliye apewe mchoro wake. Njia ile yaua: tarehe 31 Disemba 2017 basi na lori viligongana Migaa, karibu na Salgaa, wakafa watu 36. Karatasi iliyotolewa kwa ridhaa huenda ikawa ndiyo sura ya mwisho watoto watakayobaki nayo.

Ama ukurasa uliokwisha leta fitina, kuuchoma hakutoshi. Aende mwenyewe kwa wazee wa yule mke, na kwa kila aliyeuona, aeleze saa mbili na saa nne. Suala lake la pili, la kukusanya sala kwa mwenye kulala njiani, tutalijibu katika darsa ijayo, inshaallah.