Chupa ya Kuongeza Damu

Mama akiona kizunguzungu, magoti mazito na uso uliopauka, mara nyingi hununua chupa ya dawa ya kuongeza damu. Hatumcheki. Uchovu wake si uvivu, ingawa wako waume wanaodhani hivyo. Twauliza neno moja tu: damu hiyo imekwenda wapi?

Biashara hii ni ya zamani. Mwaka 1832 Pierre Blaud, daktari Mfaransa, alieleza vidonge vya chuma alivyowapa wagonjwa wenye upungufu wa damu. Mwaka 1890 George Fulford wa Brockville, Kanada, alinunua haki ya vidonge vya namna hiyo kwa dola 53 na senti moja, akavitangaza ulimwenguni kwa jina la Dr. Williams' Pink Pills for Pale People. Chuma kilikuwamo kweli. Lakini matangazo yaliahidi hata kuponya kupooza! Fulford akawa tajiri mkubwa.

Chuma chamfaa aliyepungukiwa na chuma. Bali mwenye minyoo ya safura, iliyompenya nyayoni alipotembea pekupeku, hunyonywa damu tumboni kila siku. Akinywa dawa na kuiacha minyoo hai, ajaza maji katika pakacha. Malaria nayo huvunja chembe za damu. Hedhi nzito, na mimba zinazofuatana upesi, humaliza akiba ya mwili. Mwenye selimundu ana shida nyingine kabisa, na chuma asichopimiwa chaweza kumdhuru.

Tena kwa ngozi nyeusi uso si shahidi mzuri. Yafaa kufunua ukope wa chini, na kutazama ulimi na viganja: vikiwa vyeupe, mama aende kupimwa. Tone la damu la kidoleni latosha. Mwanamke asiye mjamzito ambaye hemoglobini yake haifiki gramu 12 katika desilita moja huhesabiwa kuwa amepungukiwa na damu, naye mganga atatafuta sababu.

Akipewa vidonge vya chuma, choo kitakuwa cheusi, asiogope. Asivimeze kwa chai, maana chai huzuia chuma kisiingie mwilini. Maji ya chungwa husaidia. Na avifungie mbali na watoto, kwa kuwa mtoto huvidhani peremende, na vichache tu vyaweza kumwua.