Nimwonyeshe mwanangu filamu ya Ponette?

SWALI: Mume wangu alifariki ghafla. Binti yetu wa miaka mitano bado anamngoja mlangoni kila jioni. Nimeshauriwa tuitazame pamoja filamu ya Ponette. Itamsaidia?

JIBU: Pole sana kwa msiba, dada. Itazame wewe kwanza, bila mtoto. Filamu hii ya Jacques Doillon wa Ufaransa, ya mwaka 1996, inamhusu binti wa miaka minne aliyefiwa na mama katika ajali ya gari. Watu wazima humweleza mambo ya Mungu, watoto wenzake humpa yao, naye anaendelea kungoja. Victoire Thivisol aliigiza kwa ukweli unaoumiza, akatunukiwa tuzo ya mwigizaji bora wa kike katika tamasha la filamu la Venice.

Ila mwishoni mama anamtokea makaburini. Mtoto anayengoja mlangoni ataamini baba naye atarudi. Katika umri huo kifo bado hakieleweki kuwa ni cha moja kwa moja, ndiyo maana anamngoja kila jioni, na huenda akauliza yaleyale kila siku. Usimwambie baba amesafiri au amelala. Mwambie amekufa, mwili wake haufanyi kazi tena, hatarudi. Akiuliza tena, mjibu vilevile, na umwache akuone ukilia.